Kalamu kashika nani?

Imekuja tena. Picha kwenye kundi la WhatsApp la walimu: watoto wamezunguka madawati yaliyosogezwa pamoja, bangokitita ukutani, mwalimu kasimama pembeni anatabasamu. Chini yake wameandika: "Mwanafunzi ni kitovu, usawa kwa vitendo." Hongera zikamiminika. Mimi nikauliza swali moja tu, kalamu kashika nani? Nikaambiwa nina wivu.

Basi niseme kwa kirefu. Mimi ni mkufunzi wa ualimu hapa Dodoma. Wakati wa BTP, yaani mazoezi ya kufundisha mashuleni, kazi yangu ni kukaa dawati la nyuma kabisa, Bahi, Chamwino, Kongwa, popote wanachuo wangu walipopangwa, na kutazama. Kila msimu nakutana na imani ile ile: kwamba vikundi ndiyo ufundishaji unaomlenga mwanafunzi, na kwamba ukishaweka vikundi, usawa umepatikana.

Najua ilikotoka. Tangu mtaala wa umahiri, unaotazama mtoto anaweza kufanya nini badala ya anakumbuka nini, uingie mwaka 2005 tumefundishana kwa semina: asubuhi mnagawanywa vikundi na kupewa maka peni, mchana mnawasilisha, jioni posho. Mwalimu anarudi shuleni na kile alichokiona. Fomu ya tathmini nayo ina kipengele cha mbinu shirikishi, na njia nyepesi ya kupata tiki pale ni kusogeza madawati. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 unasisitiza umahiri kuliko ule wa kwanza, na madawati yamezidi kuburutwa.

Sasa njoo tukae nyuma. Darasa la Tano, hisabati, mada ya sehemu kama nusu na robo. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja. Hapa wanakaribia mara mbili yake. Kitabu kimoja, watoto wanane. Kitabu husomeka upande mmoja: wawili wanakiona sawasawa, wawili wanakiona kwa ubavu, na wanne waliokaa ng'ambo wanaona namba zimepinduka kichwa chini. Huko ng'ambo mtu hakai kwa bahati. Mwenyekiti ni yule yule wa wiki iliyopita, mtoto wa mwenye duka au wa mwalimu, Kiswahili kinamtoka bila kigugumizi kwa sababu ndicho wanachoongea kwao. Katibu ni msichana, eti wasichana wana mwandiko mzuri. Anaandika anachotajiwa, hana nafasi ya kufikiri kwa nini robo tatu ni kubwa kuliko theluthi mbili. Mtoto ambaye nyumbani ni Kigogo tupu anatikisa kichwa wenzake wakitikisa. Mwalimu anapita: "Tumeelewa?" "Ndiyoooo!" Mwenyekiti anawasilisha, makofi, tiki.

Mtoto mmoja kafundishwa, na huyo angeelewa hata ubaoni. Saba wamehudhuria kikao.

Haya si maneno ya mzee mwenye hasira tu. Elizabeth Cohen, mwanasosiolojia wa Stanford, alichunguza vikundi darasani kwa miaka mingi. Alionyesha kwamba watoto huingia kwenye kikundi na ngazi za hadhi walizotoka nazo nje: anayeonekana mwerevu au wa maana huongea zaidi, na anayeongea na kushika vifaa zaidi ndiye hujifunza zaidi. Kwa hiyo kikundi kilichoachwa kijiendeshe kinaweza kulipanua pengo lile lile tunalojisifu kwamba tunaliziba. Cohen hakusema tuache vikundi. Alitaka kazi yenyewe ihitaji vipaji vya aina nyingi, kila mtoto awe na jukumu, majukumu yazunguke. Alitaka pia mwalimu akimwona mtoto anayedharauliwa kafanya jambo la maana, aliseme mbele ya wenzake, na aseme ni jambo gani hasa. "Mpigieni makofi ya kilo" haitoshi, kwa sababu makofi ya kilo anapigiwa kila mtu.

Kuna mwalimu mmoja anayekaribia kustaafu ambaye alinyimwa alama za ushirikishaji kwa sababu watoto wake walikaa kwa mistari. Nimekaa kwenye darasa lake. Anauliza swali, kisha ananyamaza. Mikono ya mbele inapepea, "mwalimu mimi, mwalimu mimi!", naye hana habari nayo. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alipima jambo hili kwenye miaka ya 1970: walimu wengi husubiri kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu yanarefuka, na watoto waliodhaniwa wazito wanaanza kujibu. Mzee wetu anasubiri. Halafu anashuka na chaki yake mpaka dawati la mwisho, anafungua daftari la mtoto, na swali linalofuata analitunga kutokana na kosa aliloliona humo. Nitajieni darasa linalomlenga mwanafunzi kuliko hilo.

Halafu kuna lile jedwali lisilo na mwenyewe, juu ya andalio la somo: walioandikishwa, waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Wanachuo wangu hulijaza kama fomu ya benki. Mimi ndipo ninapoanzia. Uwele na mtama vikikaribia kukomaa, watoto wanakwenda kuamia ndege. Ukame ukikaza, wa kiume wanafuata ng'ombe mbali, wa kike wanafuata maji. Mtoto anarudi baada ya wiki mbili, wenzake wako kwenye desimali, anapachikwa kikundi namba nne "aendelee na wenzake". Aendelee na nini?

Elimumsingi bila malipo ilipoanza Januari 2016 watoto walifurika, na ni jambo jema kabisa. Lakini ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na sare, madaftari na mara nyingi mchango wa uji vimebaki kwa mzazi. Hayo nayapita haraka kwa kuwa mwalimu wa darasa hawezi kuyabadili Jumatatu asubuhi. Kujua nani hakuwepo wiki iliyopita anaweza.

Mashaka ninayo, na mengine hayamo kwenye moduli zetu. Kuita majina kwa kuchomoa vijiti vilivyoandikwa majina ya watoto, badala ya mikono iliyonyooka, ni haki zaidi, lakini nimeona mtoto aliyeitwa ghafla akakauka, kisha kesho yake hakuja. Kuwapanga kwa uwezo wa kusoma badala ya darasa, kama shirika la elimu la Pratham linavyofanya India, naona kunawasaidia wasiojua kusoma kabisa. Ila watoto si wajinga: hata ukiliita kundi Twiga, kila mmoja anajua ni kundi la nani. Nawaambia wanachuo wawaache watoto wanong'onezane wawili wawili kwa Kigogo dakika moja kabla ya kujibu kwa Kiswahili, ingawa lugha ya kufundishia ni Kiswahili na wapo watakaoninunia. Waliopangwa wilaya ya Chemba huniuliza: darasani kuna Warangi, Wasandawe na Waburunge, tunanong'ona kwa lugha gani? Sijapata jibu. Na kwenye darasa la watoto mia na mwalimu mmoja, kusema kweli, sina hakika kama vikundi vinafaa hata vikisimamiwa vizuri.

"Sasa mwalimu, tiki tutaipataje?" Kwenye safu ya vitendo vya mwanafunzi usiandike "kujadili katika vikundi". Andika kitakachofanyika: kila mtoto anaandika jibu lake kwenye daftari, kisha analilinganisha na la jirani, kisha naita watatu wa nyuma. Hiyo ni mbinu shirikishi na haiburuti dawati hata moja. Na pale chini kwenye tathmini, ile sentensi ya "somo limeeleweka, wanafunzi wengi wamefikia umahiri" naomba niishie kuiona mwaka huu. Niandikieni majina ya wasioelewa. Kama huyajui, kipindi kijacho kaa na kikundi kimoja mwanzo hadi mwisho badala ya kuvizungukia vyote kumi, na kalamu mpe yule aliyekaa upande ambao kitabu kimepinduka, baada ya kukigeuza.