Njia za Kukimbia Shinyalu na Msitu wa Kakamega: Uliza Kwanza Ardhi Ikoje

Wakimbiaji wa Kisumu wakipanga kuja huku kwetu wikendi, swali lao la kwanza huwa ni njia gani inapendeza zaidi. Nami huwauliza: mguu wako utakanyaga wapi? Kazi yangu ni kutibu viungo vya wakimbiaji na kuwapangia njia za mazoezi, na nina msimamo mmoja: njia ya mandhari ni ile inayokuruhusu kuinua macho. Jicho la mkimbiaji hutangulia mguu kwa hatua mbili tatu. Penye mizizi na mawe halibanduki chini, na likibanduka tu, kifundo kinateguka. Unaweza kumaliza saa nzima ndani ya msitu ambao watu hupanda ndege kuja kuuona, mbega wakirukaruka juu yako, nawe ulichokiona ni ncha za raba zako.

Na msitu huu si wa kuupita hivi hivi. Msitu wa Kakamega ndicho kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha ile misitu ya mvua iliyotanda Afrika ya kati na magharibi. Uko kati ya mita 1,500 na 1,700 juu ya usawa wa bahari. Nakitaja kimo hicho kwa sababu Mkenya akisikia mbio huwaza Iten, karibu mita 2,400, akaanza kuogopa hewa nyembamba. Huku si nyembamba kiasi hicho. Anayetoka Kisumu, ambako ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi, atahema mapema kuliko alivyozoea, basi dakika kumi za kwanza aende polepole, mwili utajipanga wenyewe.

Kinachoamua siku yako hapa ni mvua. Hunyesha milimita 2,000 hivi kwa mwaka, Aprili na Mei ndiyo miezi mizito, na kati ya Desemba na Februari ndipo ardhi hukauka. Lakini hata kwenye miezi ya kiangazi usiliamini alasiri. Asubuhi nzima nchi kavu inapata joto, hewa yenye unyevu kutoka ziwani inavutwa kuja huku, inakutana na upepo wa mashariki, inapanda, na kufikia saa tisa ngurumo zimeanza upande wa Nandi. Msitu ni wa asubuhi. Si alfajiri, asubuhi. Jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili u nusu, na chini ya miti giza hukawia kuondoka. Mimi huwaingiza watu msituni kuanzia saa moja, na saa nne wawe wameshatoka.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni barabara ya murramu inayotoka Shinyalu kwenda Isecheno, penye kituo cha msitu, kilomita tano hivi, kisha inaendelea kupenya msituni kuelekea nyumba ya wageni ya Rondo. Ni barabara ya kawaida ya watu, si njia ya watalii. Bodaboda zinapita, akina mama wanapita na kuni kichwani, watoto wanakwenda shule. Ndiyo sababu naipenda: imekanyagwa ikashikana, ni pana, na macho yako huru.

Sehemu ya kwanza, hadi Isecheno, ni mashamba: mahindi, migomba, maparachichi, nyumba za mabati zenye ua uliofagiliwa. Tumia kipande hiki kupasha misuli moto. Unaelekea mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi litakupiga usoni, vaa kofia yenye ukingo. Halafu angalia umbo la barabara yenyewe: katikati imeinuka, pembeni imeinama ili maji yaende mtaroni. Ukikimbia upande mmoja tu mwendo wote, mguu mmoja unafanya kazi kama mfupi na mwingine kama mrefu, na nyonga itakudai kesho yake. Badilisha upande kila baada ya dakika kadhaa, au kaa katikati kama hakuna pikipiki inayokuja. Wengi wanaokuja kwangu na maumivu ya goti upande wa nje hawana ugonjwa wowote zaidi ya kukimbilia ukingo ule ule kila siku.

Kisha unaingia msituni, na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitarajii. Umetoka kwenye mwanga mkali, ghafla uko kivulini, na jicho halijawa tayari. Mboni hupanuka mara moja, lakini utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga huchukua dakika kadhaa kuzoea giza. Katika dakika hizo shimo na kivuli vinafanana. Jua likishapanda ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwanga unapenya majani kwa madoa madoa na barabara nzima inakuwa mabaka. Nasema hivi kwa kila ninayemwongoza: ukifika kwenye mti wa kwanza mkubwa, tembea. Kunywa maji kidogo, acha macho yatulie, kisha anza tena. Hutapoteza chochote, na hiyo ndiyo nafasi ya kusikia msitu. Toa spika masikioni. Hondohondo akiruka utasikia mbawa zake zikivuma kabla hujamwona, na shorobo mkubwa wa rangi ya samawati humsikii kwa wimbo bali kwa kelele.

Kima wa Isecheno hawatakukimbia. Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia hapo tangu 1979, vizazi na vizazi, kwa hiyo binadamu anayepita mbio si habari kwao. Mpe kima nafasi, usimpe ndizi. Mbega, wale weusi kwa weupe wenye mkia mrefu wa ncha nyeupe, hukaa juu zaidi, na asubuhi ya baridi hutoka kwenye matawi ya pembeni kuota jua. Utawaona ukiwa umeinua kichwa, si vinginevyo.

Kivuli kinadanganya katika jambo jingine pia. Unahisi baridi, unadhani hupotezi maji, kumbe hewa imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki. Linatiririka tu, halikupozi. Mwendo ulioumudu kule kwenye mahindi, punguza kidogo. Na humu ndani pima kwa dakika badala ya kilomita: miti mirefu huichanganya saa yako ya setilaiti, itakuandikia mwendo ambao hukukimbia. Dakika ishirini kwenda, dakika ishirini kurudi.

Je, zile njia nyembamba zinazochepuka kutoka barabarani? Ni nzuri sana, na ni za kutembea. Mizizi ya mutere na miti mingine mikubwa imetambaa juu ya ardhi, majani makavu yameifunika, na udongo mwekundu ukilowa ni utelezi mtupu. Humo pia yumo moma wa Gaboni, nyoka mpole lakini mwenye sumu nyingi, ambaye rangi yake ni ya majani makavu yenyewe. Chukua mwongozaji kwenye kituo cha Isecheno, lipa ada ya msitu kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, tembeeni. Msimu wa mvua mtakutana na siafu wakivuka njia kwa safu. Hapo ndipo mahali pekee msituni ninaporuhusu mtu akimbie njia nyembamba: ruka safu, songa mbele hatua kumi, ndipo usimame ujikague soksi.

Kilima cha Lirhanda kiko karibu na hapo, na ni lazima ukipande angalau mara moja. Juu ni nyasi tupu. Msitu wote uko chini yako, na upande wa mashariki ukuta wa milima ya Nandi umesimama. Panda kwa kutembea na ushuke kwa kutembea. Kushuka ndiko kunakoumiza, kwa sababu misuli ya paja inavutwa huku inajikaza, na maumivu yake hayaji siku hiyo, huja kesho na keshokutwa ukiwa umeshawaambia watu Lirhanda ni rahisi. Kuna pango pia, lililochimbwa na watafuta dhahabu, maana Kakamega ilivumiwa sana kwa dhahabu miaka ya 1930. Sasa ni la popo. Usiingie peke yako.

Kama una asubuhi moja tu na unataka macho yako yashibe, nitakupeleka kwenye chai. Ukanda wa chai wa Nyayo ulianzishwa mwaka 1986 kwa agizo la serikali, ukapandwa kandokando ya misitu ili mashamba yasiendelee kuila. Kwa mkimbiaji umezaa njia isiyo na mfano: mkono mmoja ukuta wa msitu, mkono wa pili mashamba ya watu, na katikati michai iliyokatwa sawasawa, haipiti kiuno, kwa hiyo hakuna kinachokuzuia kuona. Njia za wachumaji ni za nyasi na udongo laini, goti linashukuru. Umande utakulowesha raba mpaka soksi, hilo halikwepeki. Wasalimie wachumaji, na usikatize mistari wanayofanyia kazi. Mtu yuko kazini, wewe uko kwenye starehe.

Upande wa kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa tangu 1985, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kuna geti na kiingilio. Uliza getini kabla hujaanza kukimbia, wakikwambia tembea, tembea.

Na kama mvua ya jana imeharibu kila kitu, usilazimishe msitu. Kimbia kurudi magharibi, Shinyalu hadi Khayega. Ni vijiji mwanzo mwisho, miinuko midogo midogo, mawe makubwa yametokeza mashambani, na utasalimia watu mpaka pumzi ikuishie. "Mulembe" moja inatosha, usipite kimya mbele ya mzee. Mbwa akikufuata, acha kukimbia, tembea bila kumgeuzia mgongo, atachoka. Watoto watakusindikiza na watakushinda kwenye mlima. Asubuhi ya pambano la fahali utasikia ngoma za isukuti kutoka mbali, kisha umati na fahali mwenyewe katikati ya barabara, amechangamka kuliko wewe. Ingia uani kwa mtu, wapishe wote wapite, ndipo uendelee.

Ukifika Khayega uko kwenye lami ya Kisumu na Kakamega. Mazoezi yaishie hapo, magari yanakwenda kasi na bega la barabara halitoshi. Anayetaka kuliona jiwe linalolia la Ilesi, mwamba unaochuruzika maji kama machozi, apande matatu kuelekea Kakamega, ni karibu. Anayerudi Kisumu asimame upande wa pili, na awe na fulana kavu mkobani, maana kuna abiria ambaye hatakubali dirisha lifungwe.