Msingi wa sauna kwenye udongo mweusi wa Arusha

Wateja wengi hunijia na ramani ya sauna, yaani chumba cha kutoa jasho kwa joto la jiko lenye mawe, waliyoitoa mtandaoni, na karibu zote zimechorwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ramani inataka uchimbe kupita kina ambacho ardhi huganda, kwa sababu maji yakiganda hutanuka na kuusukuma msingi juu. Finland kina hicho hupita mita 1. Arusha ardhi haigandi hata Julai, lakini tunao udongo unaofanya kazi ileile bila barafu: ule mweusi wa mfinyanzi, unaofura wakati wa masika na kupasuka nyufa ikifika Septemba.

Watu huogopa uzito. Sauna ya mbao ya mita 2.4 kwa 2.4, pamoja na jiko, mawe yake na watu 6, ni kama tani moja na nusu. Ukiutawanya mzigo huo kwenye jamvi zima, yaani sakafu ya zege inayobeba jengo, kila mita ya mraba inabeba kama kilo 260, na hizo si kitu. Tatizo ni wepesi. Nyumba ya ghorofa huukandamiza udongo unapotaka kuinuka. Kibanda cha mbao huinuliwa. Tena hakiinuliwi sawasawa: pembeni panaloa kwanza, katikati panabaki pakavu, jamvi linapasuka na fremu ya mlango inapinda.

Hapo kwenye mlango huwa sina mzaha. Chumba kikiwa na nyuzi 80 au 90, mlango lazima ufunguke kwa nje kwa kusukumwa na bega tu, bila kitasa wala komeo. Mlango uliobanwa na fremu iliyopinda unaweza kuua mtu.

Kwa hiyo pima udongo kwanza. Chimba nusu mita, chukua konzi ya udongo wa chini, uloanishe, uukande, kisha uviringishe viganjani uwe uzi mwembamba kuliko penseli. Ukikatikakatika, kama inavyotokea sana kwenye majivu ya volkano ya Meru, kazi yako ni nyepesi: ondoa udongo wa juu, panga mawe, shindilia, mwaga jamvi. Uzi ukibaki mzima, na ukaweza kuupinda ukawa pete, una mfinyanzi.

Mfinyanzi nauondoa sentimita 60 kwenda chini, na kila upande napita ukuta kwa nusu mita. Narudishia moramu kwa matabaka ya sentimita 15, kila tabaka liloanishwe kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine. Wapo mafundi wanaojaza mchanga kwa sababu unasawazishika haraka. Usikubali. Mchanga ndani ya shimo la mfinyanzi ni karai: mvua inaingia, haina pa kutokea, na udongo wa chini unakunywa msimu mzima.

Mfinyanzi uliobaki chini ya hapo nauacha, ila naunyima maji. Paa liwe na gata. Kuzunguka jengo kuwe na kibaraza cha mita 1 kinachoinamia nje. Maji ya ndani nayo yasisahaulike, maana watu humwagia mawe na wengine hujimwagia humohumo: sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita kuelekea tundu, na bomba liyapeleke mbali kabisa na msingi. Mkaratusi ulio karibu nao unakausha udongo upande mmoja, kwa hiyo sogeza sauna.

Jamvi lenyewe ni la kawaida: nailoni chini, mkeka wa waya, zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) lenye unene wa sentimita 10. Linakula mifuko 4 ya saruji, na kingo za kina na upana wa sentimita 30 zinaongeza kama mingine 4. Bomba la waya wa jiko la umeme lilazwe kabla ya kumwaga.

Dawa ya mchwa hupigwa kabla ya nailoni. Hata hivyo mimi huinua mbao juu ya kozi (mstari) moja ya tofali za saruji na kuiacha wazi, bila maua wala kuni za kuegemeza, ili njia za udongo za mchwa zikianza kupanda zionekane mapema.

Mwagilia zege siku 7, kisha liache likauke. Kwa kawaida siruhusu mbao za sakafu zipigwe kabla ya siku 28, kwa kuwa unyevu wa zege bichi ukifungiwa chini yake ndio huanza kuziozesha.