Kutosemeka: maana yake

Kutosemeka ni hali ya jambo ambalo maneno, hata yapangwe kwa ustadi gani, hayalifikishi kwa mtu ambaye hajalionja. Wengi huichanganya na kukosa neno. Neno likikosekana hukopwa au hubuniwa, yakaisha. Jambo lisilosemeka hupewa jina na bado likabaki vilevile.

Chukua harufu ya ardhi kavu inapopata mvua. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Bear na Richard Thomas, waliipa jina, petrikori, wakaeleza kuwa asili yake ni mafuta yanayojikusanya kwenye mawe na udongo wakati wa ukame. Sasa mweleze mtu ambaye pua yake haijawahi kunusa chochote. Jina atalishika, kemikali atazikariri, hata mtihani atafaulu. Harufu yenyewe hana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Mtu akidai anajua mlima Mont Blanc una urefu wa futi ngapi, ila hawezi kusema, tutamtilia shaka. Akidai anaijua sauti ya klarineti, ala ya muziki ya kupulizwa, ila hawezi kuieleza, nani atamshangaa? Ujuzi wa kwanza ni wa kutamkwa. Wa pili unakaa sikioni.

Mwingine unakaa mwilini. Anayeendesha baiskeli hujua jinsi ya kutoanguka, lakini mwulize anafanyaje, atakujibu panda ujaribu. Wanaosimulia maono ya kiroho nao hulalamikia ulimi: mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani William James, mwaka 1902, aliihesabu hali hii kuwa alama ya kwanza kati ya nne za maono hayo. (Wapo pia wanaosema “haielezeki” kwa uvivu tu, bila hata kujaribu.)

Kuna kitendawili hapa, na Augustino, mwanateolojia wa Kikristo wa kale, alikiona zamani: ukisema Mungu hasemeki, si tayari umesema neno juu yake? Jibu moja ni kwamba “hasemeki” ni habari ya maneno yetu, haimgusi anayetajwa. Ni kama mnakili wa hati kuukuu anayeandika pembeni “hapa hapasomeki”. Ameandika kitu cha kweli, na mstari uliofutika bado hajausoma.