Mnyoo usiyemjua si lazima awe spishi mpya

Kila bamvua, maji yanapokupwa sana, wananchi hutuletea sisi watafiti minyoo wa baharini, kuanzia Chwaka na Jambiani, Unguja, hadi Micheweni, Pemba. Tunashukuru, na tunaomba muendelee. Lakini wengi hufika wameharibika, na lalamiko la "mmemchukua mnyoo wangu, mbona hamjampa jina?" limezidi.

Mgeni kwako si mgeni kwa sayansi. Mtafiti Cyril Crossland alikusanya minyoo hapa Zanzibar mwaka 1901 na 1902, na maelezo yao yakaanza kuchapishwa London mwaka 1903. Lazima tuanzie huko. Wataalamu nao wamekosea: minyoo wakubwa wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu) Marphysa, wanaochimbwa topeni kwa chambo, kwa miaka mingi waliitwa Marphysa sanguinea karibu kila pwani ya dunia. Jina hilo ni la mnyoo wa Uingereza. Kumbe Marphysa mossambica wa Msumbiji alikwishaelezwa na mtaalamu Peters mwaka 1854.

Picha ya simu haitoshi. Tumeshasema hili mara nyingi. Kinachotenganisha spishi hizi ni vinywele vigumu vya ubavuni, vinavyotazamwa kwa hadubini inayokuza mara 400, pamoja na umbo la taya, na matamvua: yanaanzia pingili ya ngapi, yana nyuzi ngapi. Tena matamvua hubadilika mnyoo anapokua. Ndiyo maana tunaomba watano au sita, wadogo kwa wakubwa, kutoka shimo moja.

Usimvute, atakatika. Chimba pembeni, umtoe pamoja na tope lake. Kila mmoja akae kwenye chombo chake, ndani ya maji ya bahari, kivulini, afike siku hiyo hiyo akiwa hai. Maji ya bomba humvimbisha hadi kupasuka. Spiriti humfanya ajikunje na kujikata. Andika mahali, tarehe na aina ya tope au mchanga kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka kwenye pombe tutakayomhifadhia baadaye.

Kazi inayofuata ni yetu. Formalini, kemikali ya kuhifadhia, ni sumu, msiijaribu nyumbani. Mnyoo hulegezwa kwa magnesiamu kloraidi, gramu 73 kwa lita ya maji yasiyo ya chumvi. Kipande hukatwa na kutiwa kwenye ethanoli (pombe ya maabara) ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba, kwa sababu formalini huviharibu. Mwili uliobaki hukaa saa 24 hadi 48 kwenye formalini, sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji ya bahari, kisha husuuzwa na kuhamishiwa ethanoli ya asilimia 70.

Jina halitolewi kwa kuwahi. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inataka maelezo yanayomtofautisha yachapishwe, mnyoo mmoja ateuliwe kuwa kielelezo cha jina, na itajwe taasisi ya kuhifadhia vielelezo atakamowekwa. Chapisho la mtandaoni pekee lazima liandikishwe ZooBank, daftari la kimataifa la majina ya wanyama. Likikosekana sharti moja, jina halipo kisheria, hata kama vinasaba vimethibitisha. Tangazo la WhatsApp si chapisho. Mwenye jina ni aliyechapisha. Aliyeokota hutajwa kuwa mkusanyaji, na tunamtaja kila mara.

Ndani ya maeneo ya hifadhi usichimbe bila kibali. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe umefungwa kwa uvuvi tangu 1994, na mnyoo aliyetolewa humo bila kibali hatumpokei, hata awe mpya kiasi gani.