Acha kuhesabu sifuri, hesabu nukta imeruka mara ngapi

Nafundisha aljebra ya mwanzo miaka mingi sasa na kuna kosa moja halijawahi kukosa darasani. Naandika 4,050,000 ubaoni, nawaambia haya iwekeni kwenye mtindo wa kisayansi (wengine mnaita umbo sanifu, ni kitu kilekile: namba kuanzia 1 ila isifike 10, mara kumi yenye kipeo, yaani ile namba ndogo ya juu), dakika haijaisha mtu kashanyoosha mkono, 4.05 × 10⁴. Namuuliza hiyo 4 ya juu umeitoa wapi, ananijibu si sifuri nne hizo hapo mwisho. Mwenzake anabisha, anasema tano, manake kaihesabu na ile ya katikati. Wote wamekosa.

Kipeo hakihesabu sifuri, kinahesabu nukta imeruka nafasi ngapi. Kwenye 4,050,000 nukta imejificha kule mwisho kabisa, irudishe kushoto mpaka mbele yake ibaki tarakimu moja tu na isiwe sifuri, utaona imeruka mara 6. Kwa hiyo ni 4.05 × 10⁶. Huamini? 10⁶ ni milioni, na namba yetu ni milioni nne na ushee, imekaa.

Huku kwenye namba ndogo ndo watu wanapotea zaidi. 0.00032 ina sifuri tatu baada ya nukta, basi utaona 10⁻³ madaftari yote, wakati nukta imeruka mara 4 kulia, jibu ni 3.2 × 10⁻⁴. Alafu kuna anayeona ile alama ya kutoa akadhani namba nzima ni hasi. Hapana, inakwambia tu gawanya kwa kumi mara nne. Elektroni ina tungamo la kama 9.11 × 10⁻³¹ kg, ukitaka kuliandika lote utaweka nukta, uandike sifuri 30, ndo uifikie ile 9, na bado ni namba chanya, kitu kipo.

Raha ya mtindo huu ni kuzidisha na kugawanya. Jua liko mbali na sisi karibu mita 1.5 × 10¹¹, mwanga unakwenda karibu mita 3 × 10⁸ kwa sekunde, je unachukua muda gani kufika? Gawanya za mbele, 1.5 kwa 3 ni 0.5, vipeo unatoa, 11 − 8 = 3, unapata 0.5 × 10³. Usiweke kalamu chini, 0.5 hairuhusiwi kukaa pale mbele, ni ndogo kuliko 1. Unataka iwe 5, yaani uizidishe kwa kumi, na hiyo kumi huletewi bure, unaikopa kwenye kipeo, 3 inashuka kuwa 2. Jibu 5 × 10², sekunde 500, dakika 8 na sekunde 20. Zamani nilikuwa nafundisha ile ya "nukta ikienda kushoto ongeza kipeo, ikienda kulia punguza" nikaacha, watoto wanaigeuza kila mtihani, ila hili deni la kumi hawalisahau.

Kujumlisha ni habari nyingine. 3 × 10⁵ + 4 × 10³ wanajumlisha kila kitu wanachokiona, 7 × 10⁸. Sasa isome kwa mdomo: laki tatu ukiongeza elfu nne unapata milioni mia saba?? Vipeo lazima vifanane kwanza, 4 × 10³ igeuze iwe 0.04 × 10⁵, ndo ujumlishe, 3.04 × 10⁵.

Na kalkuleta ikikuandikia 3.04E5 usiizime ukidhani imeharibika, hiyo E ni "mara kumi kipeo cha". Ndo maana ukibonyeza 1.5 × 10 alafu EXP (kitufe kinacholeta hiyo E) alafu 11 unapata jibu kubwa mara kumi, umeweka kumi mbili. Bonyeza 1.5 EXP 11, basi.