Tuhuma za usajili katika michezo ya vyuo Marekani: kamishna anaweza nini?

Dhana: Kamishna wa konferensi, yaani ligi kama SEC au Big Ten, ndiye mpelelezi na hakimu.
Upelelezi wa kesi kubwa ni wa NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, na hukumu hutolewa na Kamati yake ya Makosa. Chuo kikipewa hati ya tuhuma kina siku 90 za kujibu. Ofisi ya kamishna hupokea malalamiko, hudai maelezo na kuyafikisha panapohusika.

Dhana: Kocha mwenye ushahidi autangaze hadharani.
Hapa ndipo makocha hujiponza. Katika SEC, kocha humwendea mkurugenzi wa michezo wa chuo chake, naye humfikishia kamishna. Februari 2009 Lane Kiffin, kocha wa chuo cha Tennessee, aliwaambia wapenzi wa timu kwamba Urban Meyer, kocha wa chuo cha Florida, amevunja kanuni kwa kumpigia simu kijana aliyekuwa akisajiliwa na yuko ziarani Tennessee. Kamishna Mike Slive alimkaripia Kiffin. Kanuni hiyo haikuwapo kabisa, na maadili ya SEC yanamkataza kocha kukishambulia chuo kingine hadharani. Tuhuma inayopita ofisini huchujwa kabla haijamchafua mtu. Ndiyo maana tunaitetea njia hiyo, hata inapokera kwa polepole yake.

Dhana: Kamishna akinyamaza, anaficha.
Mara nyingi anasubiri maelezo. Chuo cha Mississippi State kiliwasiliana na SEC Januari 2010 kuhusu usajili wa mchezaji Cam Newton. SEC ikaomba maelezo zaidi, na sehemu yake ikafika Julai. Habari ililipuka Novemba, Newton akiwa tayari nyota wa chuo kingine, Auburn. NCAA iliona baba yake alitafuta malipo kutoka Mississippi State, lakini haikupata ushahidi kwamba mchezaji au Auburn walijua, ikamruhusu kucheza. Wengi walidai upendeleo. Kasoro yenyewe ilikuwa kwenye maandishi ya kanuni, na NCAA iliziba pengo hilo baadaye kwa kuwahesabu wanafamilia wa namna hiyo kuwa mawakala.

Dhana: Basi hana meno.
Anayo, ila si kwa kila kosa. Novemba 2023 Tony Petitti, kamishna wa Big Ten, alimfungia Jim Harbaugh, kocha wa Michigan, mechi tatu kabla NCAA haijamaliza kazi. Alitumia sera ya uanamichezo, na kosa lilikuwa upelelezi wa ishara za wapinzani. Usajili haukuhusika.

Dhana: Malipo sasa ni halali, tuhuma zimekwisha.
Tangu Julai 2025 vyuo vilivyojiunga na mfumo mpya vinaweza kuwalipa wachezaji, kwa ukomo wa dola milioni 20.5 kwa kila chuo msimu wa 2025-26. Mikataba ya watu wa nje inayofikia dola 600 huripotiwa kwenye NIL Go, mfumo wa kuripotia mikataba ya jina na sura ya mchezaji, na College Sports Commission, chombo kilichoundwa na konferensi kubwa, ndiyo hukagua. Swali limehama: je, mfadhili ananunua kweli jina na sura ya mchezaji kwa biashara yake, au anamlipa ili ahamie chuo fulani?