Kilomita ulizokosa hazilipwi: maswali ya waendesha baiskeli wenye kazi za shifti

Haya ndiyo maswali ninayoulizwa Jumatatu hapa Nairobi, siku ambayo watu wa baiskeli wanaingia fiziotherapia wakishuka ngazi kinyumenyume. Wengi ni manesi, askari wa usiku na madereva, kazi ambazo hazijui wikendi.

Mzigo wa mazoezi ndio nini?

Ni kazi yote uliyoupa mwili. Chukua dakika ulizoendesha, zidisha kwa ugumu ulivyouhisi, 1 hadi 10. Saa moja ya polepole, ugumu 3, ni 180. Saa moja ya kupanda Ngong unahema, ugumu 8, ni 480. Jumlisha za wiki, umemaliza.

Na kasi ya kupandisha?

Ni vile hiyo jumla inavyoongezeka wiki hadi wiki. Ile kanuni mnayoimba, ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki, si sheria, ni makadirio, lakini inasaidia mtu asiye na breki. Wenye mita ya pawa, kile kifaa cha kupima nguvu unayokanyagia, programu inapiga wastani wa mzigo wa siku 42 kwa pointi zake yenyewe, si hizi zetu, na ikipanda pointi 3 hadi 5 kwa wiki wengi wanastahimili, ikipita 8 wiki baada ya wiki unajitafutia shida. Na programu haijui kama jana ulilala ama ulikesha wodini.

Nimekuwa naiti wiki mbili sijagusa baiskeli, Jumamosi si nipige ndefu nilipe?

Hapana.

Tufanye hesabu. Kawaida yako ni kama 900 kwa wiki. Unatoka naiti, usingizi haujatosha, WhatsApp ya kikundi inasema Magadi, unaenda. Saa 7 kwa ugumu wa 7 ni 2,940, yaani wiki tatu zako kwa siku moja, baada ya wiki mbili za sifuri. Tena barabara ile inakudanganya, unateremka kutoka Kona Baridi ukijiona bingwa halafu unarudi ukipanda mchana na jua liko utosini.

Moyo na mapafu vinarudi haraka ndio maana unajisikia uko sawa. Kano za goti na nyonga zinaenda mwendo wao wa kinyonga. Mazoezi uliyokosa hayalipwi jamani, yameenda.

Sasa nirudi vipi?

Ukikosa siku mbili tatu endelea tu ulipokuwa, usiongeze kitu. Ukikosa wiki, rudi chini kidogo ya ulipoachia. Wiki mbili, anza na nusu halafu panda taratibu. Kama ulikuwa na homa, subiri iishe kabisa kwanza, usinisumbue na habari ya kutoa jasho ndio homa itoke.

Ratiba yangu inabadilika kila saa, nitapangaje wiki?

Nani alikwambia lazima mazoezi yahesabiwe Jumatatu hadi Jumapili? Fuata mzunguko wa shifti yako, hata kama ni siku 8 ama 10. Weka mazoezi mawili ya maana kwenye siku za ofu, moja gumu, moja refu, hayo mengine yawe ya polepole na yakikosekana usilie. Asubuhi ya kutoka naiti ni ya kulala. Nimeona mtu anatoka zamu anapitia Thika Road kufanya intavo, yaani vipande vya kasi na mapumziko, akiwa anasinzia, na matatu hazitakungojea uamke.

Mapigo ya moyo ukiamka yakiwa juu kuliko kawaida siku kadhaa mfululizo, miguu mizito, hasira bila sababu, punguza.

Nikimeza diclofenac kabla ya kutoka, goti si litanyamaza?

Litanyamaza ndiyo, na wewe utaendelea kuliumiza bila kusikia. Kubwa zaidi, diclofenac au Brufen, ukiongeza jua na upungufu wa maji, figo ndizo zinazoumia. Acheni hii tabia. Kemisti kukuuzia bila kuuliza haifanyi iwe salama.

Baada ya ndefu mkojo ulitoka kama Coca-Cola, ni maji tu yamepungua?

Hili ndilo linanikasirisha, kwa sababu mtu ananiambia siku ya tatu. Mkojo wa rangi ya kola au chai ya rangi baada ya mazoezi mazito, mapaja yamevimba, yanauma kupita kawaida au yameisha nguvu: huenda misuli imevunjika na uchafu wake unaziba figo. Nenda hospitali leo. Si kesho, si baada ya dafu mbili, leo. Hata kama ni usiku, hata kama kesho una shifti.

Kama maumivu yamepungua nikishakunywa maji?

Bado unaenda leo. Figo kuharibika hakuumi kama goti.

Nikifika niseme nini?

Usiseme tu "mwili unauma", utapimwa malaria urudishwe nyumbani. Sema uliendesha kwa muda gani, kwenye jua au la, ulikuwa umepumzika muda gani kabla, na mkojo ulibadilika lini. Uliza kama watapima damu kuangalia figo na kreatini kinase, ile inayomwagika kwenye damu misuli ikivunjika. Na zile tembe ulizomeza, beba paketi yake.